Karatasi Namba Kumi na Nne

Sehemu ya Tisa

Mkono ulioshika kitasa cha mlango ulikuwa wa Mzee Onesphory, msimamizi wa masijala. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kikombe kitupu.

"Binti, leo chai imegoma?"

Basi. Hilo tu. Wewe na mimi tumeshika pumzi wiki nzima, kumbe mzee wa watu alikuwa anafuata chai yake.

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla simu hazijaanza kulia na wenye maduka hawajajipanga dirishani kuulizia vibali vyao, Shadya humchemshia Mzee Onesphory chai. Tangawizi kidogo, sukari vijiko vitatu, kikombe cha bati chenye ua jekundu. Mzee akiwa anapuliza chai yake, Shadya hufuta vumbi la Kariakoo juu ya makabati, moja baada ya jingine. Chai ikifika nusu kikombe, kazi ya masijala imeanza. Miaka minne hajakosa hata siku moja.

Leo alikosa. Leo, badala ya kuwasha jiko, alifungua jalada la usaili, akachomoa karatasi moja, akaitia mkobani.

Kwa uliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita, sikiliza haraka. Shadya Hashil ni karani wa masijala katika ofisi ya vibali, hatua chache kutoka sokoni. Timu ya uhakiki imeingia kutoka Dodoma kuangalia kila mtumishi aliajiriwaje, maana sasa inatakiwa kazi apewe anayeiweza, si anayejulikana. Na ndani ya jalada la usaili wa miaka minne iliyopita Shadya amekuta kimemo. Kimeandikwa na mama yake mkubwa, Bi Mauza, ambaye wakati ule alikuwa mtu mzito serikalini:

"Mleta barua hii ni mwanangu. Naomba umtazame."

Chini yake, kwa mwandiko wa mkuu wa ofisi ambaye sasa ni marehemu:

"Namba moja atolewe. Aingie huyu."

Nafasi ilikuwa moja. Shadya alikuwa wa sita. Na namba moja alikuwa Nirali Champaklal, rafiki yake Shadya, msichana aliyemwazima kalamu kwenye benchi la usaili baada ya kalamu ya Shadya kukauka wino.

Shadya alituapia kwamba siku ile alitumwa tu kupeleka bahasha. Hakujua kilichomo. Sote tulimwamini.

Haya, turudi mlangoni.

"Shikamoo, baba," Shadya alisema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Marahaba. Huo mkoba mbona umeukumbatia kama mtoto mchanga?"

"Nilikuwa... natafuta funguo."

Funguo zilikuwa shingoni mwake, chini ya mtandio, na kamba yake ilikuwa inaonekana.

Mzee Onesphory aliitazama ile kamba. Akalitazama jalada lililokuwa wazi juu ya meza. Akasogea taratibu kwa miguu yake ya miaka thelathini na minane ya kazi, akalifunga, akalipigapiga vumbi kwa kiganja.

"Chai, mwanangu. Wageni wanakuja saa tatu, sitaki kuhojiwa na tumbo tupu."

Shadya alichemsha. Akili ilikuwa mkobani, akasahau sukari. Aligundua baadaye, alipoona kopo la sukari bado limefungwa.

Mzee aliinywa yote, hadi tone la mwisho.

"Nzuri," alisema.

Shadya alipaswa kuelewa hapo hapo.

* * *

Saa tatu kamili Bwana Filbert wa timu ya uhakiki aliingia na kompyuta yake begani. Kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa vizuri, viatu vimejaa tope la Jangwani kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa haijaondoka barabarani.

"Mambo vipi... samahani, mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mazoea hayo. Dodoma hamsalimiani?"

Walicheka wote. Hata Shadya alijaribu. Kisha Filbert akasema, "Naomba lile jalada la usaili," na kicheko kikaishia hapo.

Alilifungua. Akalowesha kidole. Akaanza kuhesabu.

Sasa hapa lazima nikueleze kitu kimoja kuhusu masijala, maana ndicho kilichomwangusha Shadya. Karatasi yoyote ikifika kwenye meza ya Mzee Onesphory, iwe barua ya waziri au stakabadhi ya ufagio, hupigwa namba kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu kulia. Moja, mbili, tatu, hadi mwisho wa jalada. Namba ikishaandikwa haifutwi. Hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa alilomfundisha Shadya, wiki ile ile alipoanza kazi. Shadya mwenyewe amekwisha kuandika namba nyekundu maelfu kwa maelfu.

Na leo asubuhi, kwa hofu, alisahau.

"Kumi na mbili," Filbert alinong'ona. "Kumi na tatu. Kumi na tano."

Kidole kilisimama. Kikarudi nyuma.

"Kumi na tatu... Kumi na tano." Aliinua uso. "Kumi na nne iko wapi?"

Masikio ya Shadya yaliwaka moto. Alitazama sakafu. Kulikuwa na pini moja imelala karibu na kiatu chake, akaikazia macho kana kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa kuilinda.

"Mzee, jalada hili lilikuwa mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Kabati lina ufunguo?"

"Linao."

"Ufunguo anao nani?"

Kabati lina funguo mbili. Msomaji, unajua mmoja uko wapi. Mzee Onesphory naye alijua. Aliutazama mtandio wa Shadya kidogo tu, halafu akamtazama Filbert usoni.

"Mimi."

Shadya aliinua kichwa. Wakati huo ndipo chai isiyo na sukari ilipomrudia akilini, na neno "nzuri," na akaelewa kwamba mzee alikuwa amesimama pale mlangoni muda mrefu kuliko alivyodhani.

Filbert alishusha sauti. "Mzee wangu, unajua kunyofoa karatasi kwenye jalada la serikali ni kosa la namna gani?"

"Nimewafundisha hilo watu waliokufundisha wewe."

"Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi miwili na siku nne."

"Basi unajua kwamba hutastaafu. Utafukuzwa."

"Najua pia."

Filbert alifunga jalada. Hakuwa mtu mbaya, hilo niliandike wazi. Alikuwa mtu aliyetumwa kuhesabu, na amehesabu.

"Saa sita nakaa kuandika taarifa. Karatasi isipopatikana, naandika jina lako. Nakuomba, mzee. Usinifanye niliandike."

Mzee Onesphory alichukua kikombe chake kitupu, akakigeuza, akatazama ndani. "Binti," alimwambia Shadya, kama siku nyingine yoyote, "kakioshe hiki."

* * *

Shadya hakukiosha. Alitoka nacho hadi chini ya ngazi, akapiga simu.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti ya mgonjwa?"

Shadya alisema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili redio ilisikika, ikisoma taarifa za vifo.

"Hiyo karatasi unayo wewe?" Bi Mauza aliuliza.

"Ninayo."

"Ichane."

"Watamfukuza Mzee Onesphory."

"Yule keshakula chumvi nyingi, Shadya. Wewe ndiyo kwanza unaanza maisha."

"Na Nirali, mama mkubwa? Nirali ndiye aliyekuwa wa kwanza."

"Yule binti wa Kihindi? Ana duka la baba yake. Wewe ulikuwa na nini? Hebu nijibu. Ulikuwa na nini, kitanda chumbani kwangu na cheti kwenye nailoni?" Kisha sauti yake ikalegea. "Nilimwahidi marehemu mama yako. Nilimshika mkono hospitali nikamwambia, nenda, huyu nitamsimamisha. Wakati ule kila mtu alikuwa anaandika vimemo. Kila mtu. Mimi kuandika cha mtoto wa mdogo wangu ndiyo imekuwa dhambi?"

Mwanamke huyu ndiye aliyemlea, akamlipia chuo. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba zawadi yake inakuchoma mkono?

"Ichane, mwanangu," Bi Mauza alisema. "Kisha unywe maji."

* * *

Alitoka nje akiwa na nia hiyo hasa. Kariakoo ni pazuri kwa kupotezea karatasi. Ungeichana vipande vinne, ukavidondosha kati ya maboksi na mifuko ya machungwa, na baada ya dakika tano vingekuwa vimekanyagwa na watu mia mbili.

Lakini miguu ina mazoea yake. Kila siku saa nne Shadya hunywa chai ya maziwa dukani kwa akina Nirali. Aliposhtuka, alikuwa amesimama mbele ya vifungo.

"Haa! Karibu, Serikali!"

Huyo ni mzee Champaklal, baba yake Nirali, muuza vifungo, zipu na nyuzi. Tangu Shadya aajiriwe hajamwita kwa jina lingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo Serikali imekuja kununua, au imekuja kupima kama meza yangu imevuka mstari?"

"Baba, mwache bwana," Nirali alisema kutoka nyuma.

"Namwacha vipi? Nirali, leta kiti. Serikali ikisimama muda mrefu inakasirika, inaandika faini."

Nirali alileta kiti. Alikuwa amevaa gauni la bluu lililonyooshwa, si nguo ya dukani. Nywele amezibana. Macho yanang'aa.

"Shadya, hutaamini. Wamenipigia simu!"

"Nani?"

"Timu ya uhakiki. Saa sita niende nikatoe maelezo ya usaili ule. Ona." Alichomoa kalamu kwenye mkoba mdogo, ya bluu, kifuniko kimetafunwa. "Unaikumbuka?"

Shadya aliikumbuka. Kifuniko kile alikitafuna yeye.

"Utawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba nilishindwa." Nirali alicheka kidogo. "Na kwamba wewe ulipita kwa haki. Nilikuwa mlangoni, nilikusikia unajibu. Wakikutilia shaka nitakutetea, usiogope."

Shadya alikirudisha kikombe cha chai mezani.

Mzee Champaklal alikuwa anapanga vifungo vya kanzu kwenye kadi, kimoja kimoja, bila kuinua kichwa.

"Mimi nilimwambia toka mwanzo," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kama mtu anavyosema mvua itanyesha. "Babu yangu kazaliwa mtaa wa pili kutoka hapa. Baba yangu kazaliwa ghorofa hii hii. Lakini wakitutazama wanaona duka tu, hawaoni mtu. Nikamwambia, Nirali, usiende huko, hawatakuchukua, utajiaibisha. Akaenda. Haya."

"Baba alikuwa sahihi," Nirali alisema taratibu, akiichezea ile kalamu. "Mwanzoni nilibisha sana. Nilijifungia wiki nzima. Chuoni nilikuwa napata alama za juu, si unajua? Nikawa najiuliza nimekosea swali gani. Lipi? Mwisho nikakubali tu kwamba hakukuwa na swali nililokosea. Ni hili." Aligusa shavu lake. "Sasa nimezoea."

Miaka minne. Miaka minne ameamini hivyo. Na siku matokeo yalipotoka, Nirali huyu huyu alivuka barabara na kopo la ladu, vitafunwa vitamu vya sherehe, akamkumbatia Shadya, akamwambia hongera.

Shadya alitazama pembeni ili machozi yasionekane, na huko pembeni ndiko alikoona kitu ambacho amekitazama kila siku bila kukiona. Droo za vifungo, kuanzia sakafuni hadi darini. Kila droo ina namba kwenye kona ya juu kulia, kwa kalamu nyekundu. Nirali alisomea utunzaji wa kumbukumbu. Alipokosa masijala ya serikali, alijitengenezea yake ya vifungo.

Kumi na tatu, zipu fupi. Kumi na nne, vifungo vya mashati ya shule. Kumi na tano, bizimu za mikanda. Hakuna iliyorukwa.

"Nirali," Shadya alianza. "Mimi..."

"Bizimu za shaba mnazo?" Fundi mmoja wa cherehani aliingia akiwa na haraka zake, na neno likarudi lilikotoka.

Lilirudi, na nikuambie ukweli, Shadya alishukuru kwamba limerudi.

Saa sita kasorobo Nirali alimshika mkono. "Twende, nisichelewe."

"Mimi nafunga, nakuja nyuma yenu," alisema mzee Champaklal.

"Baba, kwa nini?"

"Walikuaibisha ukiwa peke yako. Safari hii watanikuta nimekaa kwenye benchi."

Walipita kati ya wabeba mizigo na wauza soksi, Nirali mbele, amekishika kiganja cha Shadya kwa nguvu ili umati usiwatenganishe. Na karatasi namba kumi na nne ikiwa ndani ya mkoba, katikati yao.

* * *

Chumba kilikuwa kidogo na feni yake ilikuwa inazunguka kwa kulalamika. Filbert upande mmoja wa meza. Mzee Onesphory upande wa pili, amevaa koti, kitu ambacho hakifanyi ila kwenye misiba. Nirali akakaa. Shadya akasimama karibu na mlango.

"Dada Nirali, ulifanya usaili hapa miaka minne iliyopita?"

"Ndiyo."

"Unadhani kwa nini hukuchukuliwa?"

Nirali aliigeuza kalamu yake ya bluu. Feni ilizunguka.

"Jina langu," alisema mwishowe.

"Jina lako limefanya nini?"

"Linasikika, Bwana Filbert." Akatabasamu, yale matabasamu ya kuzuia kitu kingine. "Lakini sina kinyongo. Aliyechukuliwa alistahili. Naomba mwandike hivyo, kwamba Shadya alistahili."

Filbert aliandika. Kisha akavuta karatasi nyingine, safi.

"Mzee, saa sita imefika. Kumi na nne?"

"Sina cha kukupa."

"Basi naandika."

"Andika vizuri. Mke wangu atataka kuisoma."

Kalamu iligusa karatasi. Ikaandika herufi ya kwanza.

Mkoba wa Shadya ulitua mezani kwa kishindo hata yeye mwenyewe akashtuka. Alifungua zipu. Akatoa ile karatasi, imekunjamana pembeni, akalifungua jalada na kuirudisha mahali pake, kati ya kumi na tatu na kumi na tano. Akainyoosha kwa kiganja.

Mzee Onesphory alifumba macho.

Filbert alisoma. Akaisukuma kwa Nirali. Nirali akasoma mara moja, kisha mara ya pili kwa midomo. *Namba moja atolewe.* Kidole chake kilienda kwenye orodha ya matokeo, karatasi ya kumi na tatu, kikapanda hadi juu kabisa. Kikakaa hapo.

"Namba moja ni mimi," alisema. Ilikuwa kama anauliza.

"Wewe," alijibu Mzee Onesphory.

"Mimi nilikuwa wa kwanza?"

"Kwa alama kumi na moja, mwanangu." Mzee alivua miwani. "Siku ile bosi aliniita, akanipa kimemo akaniambia nikichane. Nikarudi mezani kwangu. Nikakipa namba. Ni hilo tu nililoweza. Nilikuwa na watoto watano shuleni, mdomo sikuwa nao. Nikasema, ipo siku atakuja mtu wa kuhesabu." Alimtazama Shadya. "Kila asubuhi nimekunywa chai ya binti huyu na kuona haya. Haya kwa ajili yake, na haya kwa ajili yako ambaye sikukujua."

Nirali alikuwa analia sasa, kimya kimya, mkono mdomoni. Na unajua alichofanya? Alimgeukia Shadya.

"Masikini, na wewe walikutumia tu. Ulikuwa hujui!"

Filbert naye alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mzee ameokoka. Karatasi imepatikana. Alibakiza kitu kimoja.

"Dada Shadya, kunyofoa karatasi ni kosa, utapewa barua. Lakini umeirudisha mwenyewe. Na kwenye hiki kimemo wewe ulikuwa mleta barua tu, hukujua kilichomo. Naandika hivyo: *hakujua*. Ukisaini, suala lako litakuwa jepesi. Kwenye ajira naweza hata kukupendekeza uitwe kwenye usaili upya." Aliandika, akaigeuza karatasi. "Hapa chini."

"Hakujua," Nirali alirudia, akimsukumia kalamu. Ile ya bluu. "Namfahamu mimi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama mkubwa ameufungua, mzee ameufungua, mkaguzi ameufungua, na sasa rafiki yake amesimama ameushikilia asije akaumia.

Shadya aliishika kalamu. Akainama.

Na hapa, msomaji wangu, inabidi nikuombe radhi. Wiki iliyopita nilikuandikia kwamba Shadya hakujua. Niliandika alichoniambia.

Bahasha haikuwa na gundi. Bi Mauza hakuifunga, maana hakuona kitu cha kuficha. Shadya alikuwa amesimama kwenye pantoni, anatoka Kigamboni, upepo ukakifunua kifuniko cha bahasha, akasoma. Akasoma tena. Hakujua ni nani atakayetolewa. Alijua kwamba yupo. Maji yalikuwa pale pale chini, mkono ungefunguka tu na ingekwisha. Pantoni ikafika Magogoni, watu wakashuka, naye akaikunja vizuri, akashuka nao.

"Siwezi kusaini," alisema.

"Kwa nini?" Filbert aliuliza.

Shadya aliiweka kalamu mezani. Alimtazama Nirali. Hakuhitaji kusema. Nirali aliona. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayetazama matokeo yake ubaoni na kugundua amesoma mstari usio wake.

Nirali alisimama. Akamshika Shadya kiganja, kile kile, lakini sasa kwa namna nyingine. Akamvuta hadi mlangoni.

"Nirali, nisikilize..."

"Usiniambie mimi. Mimi nimeshakuona." Alinyoosha kidole kuelekea korido. "Mwambie yeye. Miaka minne ananiambia ni rangi yetu. Mwambie yeye."

Kwenye benchi la korido, chini ya bango la huduma bora kwa mteja, mzee Champaklal alikuwa amekaa wima, funguo za duka mapajani. Aliwaona wanatoka. Akaona machozi ya binti yake. Akasimama.

"Haya," alisema, na safari hii hakutania. "Serikali inasema nini?"

Nyuma yao Filbert na Mzee Onesphory walikuwa wamefika mlangoni. Watu waliokuja kufuata vibali waligeuka. Shadya, ambaye hata kuagiza chai kwa sauti huona aibu, alivuta pumzi.

"Si Serikali, mzee. Ni mimi, Shadya." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Nirali alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa sita. Hawakumwacha kwa sababu ya jina lenu. Walimwacha kwa sababu yangu. Kimemo nilikibeba mwenyewe, nilikisoma njiani, na nilijua."